Kruzi Inapokataa Kushika: Mwongozo wa Kutafuta Hitilafu za Umeme

Mwongozo huu ni wa fundi umeme wa magari na msimamizi wa karakana anayempangia kazi. Unahusu kruzi kontroli, mfumo unaoshika mwendo aliouchagua dereva bila yeye kukanyaga mafuta. Mifano mingi imechukuliwa kwenye Toyota zenye throto ya umeme, kwa sababu ndizo zinazoingia karakana zetu kwa wingi zaidi, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule kwa Nissan, Subaru, Mazda na nyinginezo. Vipimo vya modeli husika vitafutwe kwenye kitabu chake cha ufundi, na pale vinapopishana na vya hapa, kitabu ndicho kifuatwe.

Kruzi imeundwa ili ikatae. Kompyuta ya injini haishiki mwendo mpaka ijiridhishe kwamba breki haijakanyagwa, spidi ya gari inajulikana, gia ipo mahali pake, swichi ya usukani inasema jambo linaloeleweka, na hakuna hitilafu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake. Shaka moja tu inatosha kuifunga. Ndiyo maana gari linapoletwa kwa malalamiko kwamba kruzi imekufa, mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa. Ipo taarifa inayokosekana, au zipo taarifa mbili zinazopingana, na kompyuta imeamua kutobahatisha. Kazi ya fundi ni kuitafuta taarifa hiyo. Anayeanza kwa kununua swichi, kisha kebo, kisha kontroli boksi ya mtumba, anamaliza pesa ya mteja na gari linabaki vile vile.

Kabla ya kufungua chochote

Hakikisha kwanza kwamba gari lilitoka kiwandani na kruzi. Magari mengi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yametumika kwanza Japani, na huko modeli moja huuzwa kwa matoleo kadhaa, mengine na kruzi, mengine bila. Mwenye toleo lisilo nayo hununua swichi ya mtumba na kuifunga kwenye usukani. Kwenye baadhi ya magari inafanya kazi mara moja, kwa kuwa waya na programu vilikuwepo vikisubiri. Kwenye mengine, kebo ya usukani haina njia ya waya huo, au kompyuta haikupewa programu, na hakuna kipimo kitakachozaa kitu ambacho hakikuwepo. Muulize mteja: imewahi kufanya kazi mikononi mwako? Jibu la hapana linabadilisha kazi nzima.

Kisha mwache aeleze kwa maneno yake, na usikilize kwa makini taa ya kruzi ya kwenye dashibodi ilikuwa inafanya nini. Taa isiyowaka kabisa unapobonyeza swichi kuu inakupeleka kwenye usukani na waya zake. Taa inayowaka lakini mwendo haushiki inakupeleka kwenye breki na spidi. Mwendo unaoshika vizuri kisha ukaachia wenyewe baada ya kilomita kadhaa, hasa kwenye barabara mbovu, ni mguso unaokatika: soketi iliyolegea, waya uliochanika ndani ya ganda lake, au swichi ya breki iliyokaa ukingoni mwa marekebisho yake. Na taa inayomweta baada ya kubonyeza inamaanisha kompyuta imeona kosa na imeliandika.

Hakikisha pia kwamba dereva anaujua mfumo. Kwenye Toyota nyingi kruzi haishiki chini ya takriban kilomita 40 kwa saa, na inajiachia mwendo ukishuka zaidi ya kilomita 16 kwa saa chini ya ule uliowekwa. Gari lenye mzigo likipanda mlima mkali linaweza kufika hapo bila hitilafu yoyote ya umeme.

Unganisha mashine ya kusoma kodi, na usome mfumo mzima, siyo injini peke yake. Andika kodi zote kabla ya kufuta hata moja. P0571 inaelekeza kwenye saketi ya swichi ya breki. P0504 inasema taarifa mbili za swichi hiyo hazikubaliani. P0500 ni ya spidi, P0575 ni ya swichi za kruzi. Lakini usiache kodi isiyotaja kruzi. Subaru ni mfano mzuri: taa ya injini ikiwaka kwa sababu yoyote ile, hata sensa ya oksijeni, kruzi inafungwa na taa yake inamweta, pamoja na taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza. Ukikutana na taa hizo tatu kwa pamoja, tibu injini. Kruzi itarudi yenyewe.

Breki

Hapa ndipo muda wa fundi utumike zaidi, kwa sababu mbili. Ndipo hitilafu nyingi zinapokaa, na ndipo kosa la fundi linaweza kuua mtu.

Swichi ya taa za breki kwenye Toyota zenye kruzi ina terminali nne, maana ndani yake mna swichi mbili zinazofanya kazi kinyume. Ya kwanza, kati ya terminali 1 na 2, inafunga pedeli ikikanyagwa, na ndiyo inayowasha taa za nyuma. Ya pili, kati ya 3 na 4, imefungwa wakati wote pedeli ikiwa juu, na inafunguka ikikanyagwa. Kompyuta inasoma zote mbili na kuzilinganisha. Kwa hiyo kauli ya dereva kwamba taa za breki zinawaka vizuri inathibitisha nusu tu ya swichi.

Chomoa soketi na upime kwa maltimita. Kipini cha swichi kikiwa kimeachwa huru, sawa na pedeli iliyokanyagwa, kati ya 1 na 2 usome chini ya omu 1, na kati ya 3 na 4 usome omu 10,000 au zaidi. Bonyeza kipini ndani kwa kidole na vipimo vigeuke kinyume. Rudia mara kadhaa, na ubonyeze polepole. Swichi iliyochakaa hupita kipimo ikibonyezwa kwa nguvu na kushindwa ikibonyezwa taratibu, na dereva hakanyagi breki kwa mtindo wa fundi aliyekaa mezani.

Swichi ikiwa nzima, irudishe kwenye soketi na upime volti kwenye kompyuta ya injini, ufunguo ukiwa umewashwa. Waya wa STP, wa swichi ya kwanza, usome chini ya volti 1.5 pedeli ikiwa juu, na volti 7.5 hadi 14 ikikanyagwa. Waya wa ST1-, wa swichi ya pili, usome kinyume chake. Vipimo vikiwa sahihi kwenye swichi na vibaya kwenye kompyuta, tatizo liko kwenye waya wa katikati. Tumia maltimita ya dijitali. Taa ya kupimia yenye balbu inavuta mkondo mkubwa kuliko saketi za kompyuta zinavyostahimili, na isiguse waya hizi kabisa.

Angalia fyuzi ya STOP kwa kupima pande zote mbili ikiwa mahali pake, siyo kwa kuitazama. Ikiungua, taa za breki zinazimika na taarifa mbili za swichi zinagongana. Dereva hajui taa zake zimekufa, analalamikia kruzi tu. Mtu huyo amekuwa akisimama mbele ya malori bila kuwaonya madereva wake, na malalamiko ya kruzi ndiyo yamemleta kwako kabla ya lori kumfikia.

Kwenye Nissan nyingi, na Mazda na Hyundai pia, ipo hitilafu ambayo fundi anapaswa kuitafuta kwa macho kabla ya maltimita. Kipini cha swichi hakigusi chuma cha pedeli. Kinagusa kifuniko kidogo cha plastiki au mpira kilichochomekwa kwenye tundu la pedeli, chenye ukubwa wa kitufe cha shati. Miaka ikipita na joto la ndani ya gari likikikausha, kinapasuka na kudondoka. Kipini kinaingia kwenye tundu, kompyuta inaona breki imekanyagwa mchana na usiku, taa za nyuma hazizimi, betri inaisha gari likiegeshwa, na kruzi haishiki. Piga magoti, pitisha kiganja kwenye kapeti chini ya pedeli. Ukiokota vipande vya plastiki vinavyovunjika kama biskuti, umeshapata jibu. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo sana. Usikubali kuziba tundu kwa boliti au kwa kipande cha chupa kilichoyeyushwa, maana kikitoka tena njiani taa za breki zitabaki zinawaka na dereva wa nyuma hatajua ni lini gari linasimama kweli.

Umbali wa swichi nao unahitaji uangalifu. Ikifungwa karibu mno, taa zinachelewa kuwaka. Ikifungwa mbali mno, mtikisiko wa barabara ya vumbi unatosha kuifungua ile swichi ya pili kwa nukta moja, na nukta moja inatosha kuiachisha kruzi. Fuata kipimo cha kitabu.

Neno kuhusu balbu. Baadhi ya mifumo, hasa ya Ford ya miaka ya 1990 na 2000, inatazama waya wa taa za breki ikitegemea kuona ardhi kupitia nyuzi za balbu za kawaida. Mwenye gari akibadilisha na kuweka balbu za LED, ardhi hiyo inapotea na kruzi inakataa. Uliza kama balbu zimebadilishwa karibuni. Rudisha balbu ya kawaida hata upande mmoja, ujaribu.

Magari hayo ya Ford yana historia ambayo kila fundi wa umeme aijue. Swichi yake ya kuachisha kruzi ilifungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki chini ya boneti, na kwenye modeli nyingi ilikuwa na umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa. Utando mwembamba uliotenga mafuta na umeme ulichoka, mafuta yakapenya, terminali zikaoza, umeme ukapata njia ya mkato, na magari yakawaka moto yakiwa yameegeshwa. Kati ya 1999 na 2009 Ford iliita zaidi ya magari milioni 14 nchini Marekani kwa ajili ya swichi hiyo. Ukikutana na F-150, Expedition au Explorer ya enzi hizo, kagua swichi hiyo hata kama mteja amekuja kwa jambo lingine. Unyevu wowote wa mafuta ndani ya soketi yake ni sababu ya kuichomoa hapo hapo.

Sasa lile lisilofanywa kwa hali yoyote. Yapo maunganisho yanayoifanya kompyuta iamini kwamba breki imeachwa siku zote: waya wa ST1- unapewa umeme wa moja kwa moja, kruzi inashika, mteja anafurahi. Fundi aliyefanya hivyo ameondoa njia ambayo dereva, kwa woga na kwa silika, ataitumia kwanza mtoto akikatiza barabara. Msimamizi akikuta unganisho la namna hiyo, liwe la karakana yake au la kwingine, aliondoe kabla gari halijatoka, hata kama kruzi itabaki imezimwa.

Usukani

Kwanza airbag. Zima ufunguo, toa terminali hasi ya betri, na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu chochote cha usukani. Waya za njano ni za airbag. Usizipime kwa maltimita ikiwa kwenye omu, maana hata mkondo mdogo wa betri ya maltimita unaweza kuilipua. Airbag ukishaitoa, ilaze uso wake ukiangalia juu, mbali na pale unapofanyia kazi.

Swichi ya kruzi ya Toyota inatuma amri zote kwa waya mmoja. Kila kitufe kina ukinzani wake, na kompyuta inatambua kitufe kwa kusoma volti iliyobaki. Pima swichi ikiwa imechomolewa: swichi kuu chini ya omu 2.5, RES karibu omu 240, SET karibu 630, CANCEL karibu 1,540. Bila kubonyeza chochote, usisome mwendelezo wowote. Kwenye kompyuta, waya huo husoma volti 10 hadi 14 vitufe vikiwa huru, na hushuka kwa hatua: CANCEL volti 6.6 hadi 10.1, SET 4.5 hadi 7.1, RES 2.3 hadi 4.0, na swichi kuu chini ya volti 1.

Mpango huu unaeleza malalamiko yanayowachanganya mafundi wengi. Chukua kebo ya usukani, ule utepe unaojiviringa nyuma ya usukani, ambayo mguso wake umechoka na unaongeza omu 400 usukani ukikatwa kidogo. Dereva anabonyeza RES. Omu 240 za swichi zinajumlishwa na 400 za kebo, kompyuta inasoma 640, na kwa kompyuta 640 ni SET. Gari linashika mwendo mpya badala ya kurudi kwenye ule wa zamani. Akibonyeza SET, kompyuta inaona zaidi ya omu 1,000, kiasi ambacho si cha kitufe chochote, na haifanyi kitu. Usukani ukinyooka, kila kitufe kinatii. Swichi ikipimwa mezani ni nzima, na fundi anaapa kwamba kompyuta imeharibika.

Kwa hiyo pima kupitia kebo, siyo swichi peke yake. Unganisha swichi, rudi kwenye soketi ya upande wa chini wa kebo, mwombe mwenzako ashike SET, na uzungushe usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku ukitazama maltimita. Namba isitikisike. Honi inayolia kwa kubagua, vitufe vya redio vya usukani vilivyokufa, au taa ya airbag iliyowaka, vyote ni mashahidi wa kebo hiyo hiyo.

Ukibadilisha kebo, magurudumu ya mbele yawe yamenyooka. Kebo izungushwe kwa mkono kinyume na saa mpaka ikaze, kisha irudishwe kama mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Ikifungwa bila kusawazishwa, itakatika siku dereva atakapokata kona kali, na airbag itakatika nayo.

Spidi, waya na ardhi

Mshale wa spidi kutembea hakuthibitishi kwamba kompyuta ya injini inapata spidi. Kwenye Toyota nyingi taarifa hutoka kwenye sensa za magurudumu, ikapita kontroli boksi ya ABS, ikafika dashibodi, ndipo ikatumwa kwa injini. Soma spidi moja kwa moja ndani ya data ya injini kwa mashine, na uitazame kwa grafu gari likiwa linatembea. Ikidondoka sifuri kwa kufumba na kufumbua, fuata waya wa gurudumu pale unapopinda kwenye sapoti. Gari lililobadilishwa bearingi ya gurudumu karibuni litazamwe kwa shaka ya pekee: bearingi zenye utepe wa sumaku upande mmoja, zikipigwa kinyume, sensa haioni kitu.

Waya zilizoongezwa baadaye ni chanzo kikubwa kwetu. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari na spidi gavana huungwa chini ya dashibodi, mara nyingi kwenye waya wa spidi, wa breki au wa pedeli ya mafuta, kwa kuchubua ganda, kusokota na kufunga tepu. Joto linalainisha gundi, tepu inafunguka, shaba inashika kutu ya kijani. Chomoa kifaa kilichoongezwa, rudisha waya wa asili, pima tena. Spidi gavana ya gari la abiria ni takwa la sheria. Isiondolewe ikaachwa, bali iungwe upya kwa risasi na ganda la kubana kwa joto.

Ardhi ya kompyuta ipimwe ikiwa inafanya kazi. Injini iwake, taa kubwa na feni viwe vimewashwa, maltimita iwe kwenye volti, ncha yake moja kwenye terminali hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ardhi wa kompyuta. Zaidi ya volti 0.1 ni ardhi mbovu. Mashine ikishindwa kuzungumza na kontroli boksi fulani, toa betri na upime kati ya terminali 6 na 14 za soketi ya kodi: omu 60 ni sahihi, 120 inamaanisha ncha moja ya mtandao imekatika.

Magari ya zamani, kama Land Cruiser za miaka ya 1990, yana mota ya kuvuta kebo ya throto na klachi ya sumaku ndani yake. Klachi hiyo isome karibu omu 38. Kodi husomwa bila mashine, kwa kuunganisha terminali TC na E1 na kuhesabu taa ya kruzi inavyomweta: 12 ni klachi, 13 ni sensa ya mkao wa mota, 21 ni spidi isiyofika.

Kruzi za rada ni kazi nyingine. Nembo ya mbele iliyobadilishwa kwa ya bandia, au bampa iliyopigwa rangi nene, inaziba rada. Rada iliyoguswa inahitaji kulinganishwa upya kwa vifaa vyake, na karakana isiyo navyo impeleke mteja palipo navyo.

Jaribio la barabarani

Watu wawili, mmoja anaendesha, mmoja anasoma mashine. Barabara iliyonyooka na yenye magari machache. Shika kilomita 60 kwa saa. Jaribio la kwanza ni la kuachia, siyo la kushika: gusa breki kwa ncha ya mguu, na kruzi iachie kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kisha CANCEL, kisha gia kwenda N, kisha swichi kuu. Baada ya hapo ndipo uende umbali wa kutosha kupita matuta na kona zinazoisumbua kebo na soketi.

Andika kwenye karatasi ya kazi vipimo vya kabla na vya baada, na kila waya ulioguswa. Kruzi ikishika lakini isiachie kwa breki, hata mara moja tu kati ya nyingi, gari halirudishwi kwa mteja hivyo. Chomoa swichi ya kruzi, funika soketi yake, na umwandikie mteja kwamba mfumo umezimwa na sababu yake.